Vioo vya Pembeni katika Gari Dogo: Somo la Uakisi wa Mwanga

Uakisi wa mwanga hufundishwa darasani kwa kutumia pini, karatasi na kipande cha kioo. Mwanafunzi huchora miali, hupima pembe, kisha hufunga daftari lake. Hata hivyo kanuni hizo hizo ndizo zinazomwezesha dereva aliye barabarani kulitambua mapema gari linalomjia kwa nyuma, au kumfanya alitambue baada ya kuchelewa. Makala haya yanaeleza jinsi kanuni za vioo zinavyotumika katika kuchagua vioo vya pembeni vya gari dogo, na katika kupaamua mahali panapofaa kuvifunga. Gari lililochukuliwa kuwa mfano ni Mini ya Uingereza, kwa kuwa vipimo vyake ni vidogo na hoja zote zinaonekana ndani yake waziwazi.

Gari lenyewe

Mini ilibuniwa na mhandisi Alec Issigonis. Ilianza kuuzwa mwezi wa Agosti 1959, na uundaji wake ukaendelea hadi mwaka 2000. Katika muda huo ziliundwa Mini zaidi ya milioni 5, na nyingi kati yake zinatunzwa mpaka leo na watu wapendao magari ya zamani. Urefu wake ni mita 3 na kidogo, na upana wake ni karibu mita 1.4. Mini zilizoundwa kwa ajili ya barabara za Uingereza zina usukani upande wa kulia, kama yalivyo magari ya Kenya, Tanzania na Uganda, ambako pia magari hupita upande wa kushoto wa barabara.

Katika magari madogo ya Kiingereza ya miaka hiyo, vioo vya nje kwa kawaida viliongezwa na mwenye gari. Kioo cha ndani huonyesha kile tu kinachoonekana kupitia dirisha la nyuma. Abiria au mizigo ikiliziba dirisha hilo, kioo hicho hakina faida. Mini ya mizigo, iliyotolewa mwaka 1960, haikuwa na madirisha ya pembeni nyuma ya milango, na dereva wake alivihitaji zaidi vioo vya nje.

Mwenye gari la namna hiyo anakabiliwa na maswali mawili. Je, vioo vifungwe juu ya madigadi ya mbele, au milangoni? Na je, viwe vioo bapa au vioo mbinuko? Maswali haya huulizwa kana kwamba ni ya urembo tu. Kwa kweli ni maswali ya fizikia, na jibu la moja hutegemea jibu la jingine.

Kioo bapa na umbali wa jicho

Kanuni ya uakisi husema kwamba pembe ya mwali uingiao ni sawa na pembe ya mwali uakisiwao. Kutokana na kanuni hiyo, taswira katika kioo bapa huwa nyuma ya kioo kwa umbali ulio sawa na wa kitu kilicho mbele yake, na ukubwa wake ni ule ule wa kitu. Kwa hiyo kioo bapa hakimdanganyi dereva juu ya umbali.

Upungufu wake ni eneo dogo linaloonekana. Eneo hilo hupatikana kwa kufikiria kwamba kioo ni dirisha, na kwamba jicho la dereva limewekwa upande wa pili wa dirisha hilo, kwa umbali ule ule. Mtu akisimama karibu na dirisha huona sehemu kubwa ya uwanja. Akirudi nyuma, sehemu hiyo hupungua.

Na tuchukue kioo ambacho upana wake, kama dereva anavyouona, ni sentimita 10. Katika Mini, kioo kilichofungwa juu ya madigadi huwa mbali na jicho kwa karibu mita 1.5. Kilichofungwa kwenye mlango wa dereva huwa mbali kwa karibu mita 0.7, na kile cha mlango wa kushoto kwa karibu mita 1.1. Upana wa eneo linaloonekana mita 20 nyuma ya kioo hupatikana kwa pembetatu mfanano. Kwa kioo cha madigadi:

0.1 × (1.5 + 20) ÷ 1.5 = mita 1.4

Upana huo unatosha gari moja dogo tu. Kioo hicho hicho kikihamishiwa mlango wa dereva, hesabu huwa 0.1 × 20.7 ÷ 0.7, yaani karibu mita 3, ambao ni karibu upana wa njia moja ya magari. Kwa kukisogeza kioo karibu na jicho, eneo linaloonekana limeongezeka zaidi ya mara mbili, bila kukibadilisha kioo chenyewe.

Kioo mbinuko

Kioo mbinuko ni kama kipande cha uso wa nje wa tufe. Huitawanya miali, na kwa sababu hiyo huonyesha eneo pana. Tukichukua vipimo vyote bila alama ya kutoa, kanuni yake ni:

1/v = 1/u + 1/f

Hapa u ni umbali wa kitu kutoka kwenye kioo, v ni umbali wa taswira nyuma ya kioo, na f ni umbali wa fokasi, ambao ni nusu ya nusu kipenyo cha mpindo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya nje vya magari madogo zinataka nusu kipenyo hicho kisipungue milimita 1200. Tukichukua kipimo hicho, f ni mita 0.6.

Jicho likiwa mita 1.5 kutoka kwenye kioo cha madigadi, taswira ya jicho huwa mita 0.43 tu nyuma ya kioo. Ni kana kwamba dereva amelisogelea dirisha. Upana unaoonekana mita 20 nyuma sasa ni 0.1 × 20.43 ÷ 0.43, yaani karibu mita 4.8, badala ya mita 1.4.

Faida hiyo hailetwi bure. Gari lenye upana wa mita 1.4, likiwa mita 20 nyuma ya kioo, hutoa taswira iliyo mita 0.58 nyuma ya kioo, na upana wa taswira hiyo ni sentimita 4.1 tu. Dereva huitazama kutoka umbali wa mita 1.5 + 0.58, yaani mita 2.08. Kitu cha sentimita 4.1 kikitazamwa kutoka mita 2.08 huonekana kwa jicho sawasawa na gari la mita 1.4 lililo umbali wa mita 71. Gari lililo mita 20 nyuma linaonekana kama liko mita 71.

Hesabu za mahali pote patatu ni hizi:

Madigadi (jicho mita 1.5): kioo bapa huonyesha upana wa mita 1.4, kioo mbinuko mita 4.8, katika kioo mbinuko gari huonekana kama liko mita 71.

Mlango wa kushoto (jicho mita 1.1): kioo bapa mita 1.9, kioo mbinuko mita 5.3; gari huonekana kama liko mita 58.

Mlango wa kulia (jicho mita 0.7): kioo bapa mita 3.0, kioo mbinuko mita 6.3, gari huonekana kama liko mita 44.

Hatari iliyomo katika tarakimu hizi

Na tuseme dereva wa Mini anakwenda kilomita 50 kwa saa, na anataka kuhamia kulia ili alipite lori. Nyuma yake lipo gari jingine liendalo kilomita 80 kwa saa. Tofauti ya mwendo ni kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8.3 kwa sekunde. Gari hilo likiwa mita 20 nyuma ya kioo, litakuwa sambamba nacho baada ya sekunde 2.4. Dereva anayeukadiria umbali kwa ukubwa wa taswira katika kioo mbinuko cha madigadi atadhani ana zaidi ya sekunde 8. Tofauti hiyo inatosha kusababisha ajali.

Dereva mzoefu hujifunza kuisahihisha taswira kwa akili yake. Lakini mtu aliyezoea kioo bapa, kisha akafungiwa kioo mbinuko, hawezi kupata mazoea hayo kwa siku moja. Ndiyo sababu kanuni za Marekani hutaka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa. Kioo cha upande wa abiria chaweza kuwa mbinuko, lakini sharti kiandikwe onyo kwamba vitu viko karibu zaidi kuliko vinavyoonekana.

Madigadi au mlango?

Kioo cha madigadi kina sifa yake. Dereva hukiona kupitia kioo cha mbele, na halazimiki kuyageuza sana macho kutoka barabarani. Nchini Japani sheria ilitaka vioo vya madigadi hadi mwaka 1983, vioo vya milangoni viliporuhusiwa. Hata hivyo katika Mini kioo cha madigadi kina kasoro tatu. Kikiwa bapa huonyesha eneo dogo mno. Kikiwa mbinuko hupunguza taswira kupita kiasi. Tena dereva hawezi kukirekebisha akiwa kitini.

Kwa hiyo hesabu zinaelekeza kwenye uamuzi huu: vioo vifungwe milangoni, karibu na pembe ya mbele ya dirisha. Upande wa dereva kiwe kioo bapa, ambacho huonyesha njia nzima bila kudanganya umbali. Upande wa kushoto kioo bapa huonyesha mita 1.9 tu, huko kioo mbinuko kina haki ya kutumika, mradi dereva auelewe udanganyifu wake. Mwenye gari atakaye sura ya kale, na kwa hiyo kuchagua madigadi, na ajue anachokitoa na anachokipata.

Kufunga na kurekebisha

Kabla ya kutoboa bati, msaidizi akishike kioo mahali palipokusudiwa, naye dereva akae kitini kama aendeshavyo na kuhakikisha kwamba nguzo ya dirisha haikizibi. Tundu likishatobolewa kwa keekee, kingo zake zipakwe rangi ya kuzuia kutu, na mpira uwekwe kati ya kioo na bati. Kioo kikazwe imara. Kioo kikigeuka kwa pembe fulani, mwali uakisiwao hugeuka kwa pembe iliyo mara mbili. Kioo kikilegea na kugeuka kwa nyuzi 1 tu, mwono hugeuka kwa nyuzi 2, na mita 20 nyuma huhama kwa mita 0.7.

Mwaka 1995 mhandisi Mmarekani George Platzer alieleza njia ya kuvirekebisha vioo ili kupunguza eneo lisiloonekana. Katika gari lenye usukani kulia, dereva hukiinamishia kichwa chake kioo cha dirisha la kulia, kisha hukigeuza kioo cha pembeni cha kulia mpaka ubavu wa gari uonekane kwa shida. Halafu huinamia katikati ya gari, na kukirekebisha kioo cha kushoto vivyo hivyo. Akirudi katika mkao wake wa kawaida, hauoni tena ubavu wa gari lake. Anaona njia za pembeni. Gari linalompita sharti litokee katika kioo cha pembeni kabla halijatoweka katika kioo cha ndani, na lionekane kwa jicho kupitia dirishani kabla halijatoka katika kioo cha pembeni. Jaribio hilo lifanywe gari likiwa limesimama, mtu akipita pembeni kwa miguu. Hata baada ya hayo, dereva ageuze kichwa atazame kabla ya kuhama njia.

Mazoezi

1. Kioo bapa chenye upana wa sentimita 12 kiko mita 0.8 kutoka kwenye jicho. Tafuta upana wa eneo linaloonekana mita 16 nyuma ya kioo.

2. Kwa kuchora, thibitisha kwamba kioo kikigeuzwa kwa nyuzi 10, mwali uakisiwao hugeuka kwa nyuzi 20, ikiwa mwali uingiao haubadiliki.

3. Kioo mbinuko cha sentimita 10, chenye nusu kipenyo cha mita 1.6, kimefungwa kwenye mlango wa kushoto wa Mini, mita 1.1 kutoka kwenye jicho. Tafuta upana unaoonekana mita 20 nyuma, na umbali ambao gari lililo hapo litaonekana kuwapo. Linganisha na kioo cha mita 1.2, kisha eleza ni kipi ungekichagua, na kwa nini.

Majibu: (1) mita 2.5. (3) karibu mita 4.4, karibu mita 49.