Mfanyakazi Anaumwa: Majibu kwa Waajiri Wenye Haraka

Siku alizougua tuzikate kwenye likizo yake ya mwaka?

Hapana.

Siku 126 za ugonjwa zinaanza upya kila Januari?

Barua nyingi zimeuliza hili kwa namna tofauti, nazijibu kwa pamoja. Hazianzi upya Januari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku hizo kwa mzunguko wa miezi 36; miezi 12 ni ya likizo ya mwaka. Siku 63 za mwanzo ni mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu. Chukua aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2023. Mwaka 2024 aliugua siku 70: 63 kamili, saba nusu. Akiugua tena 2025, amebakiwa na siku 56, zote za nusu mshahara, hadi mwisho wa Februari 2026. Mhasibu aliyefungua ukurasa mpya Januari amemlipa kamili bure, halafu lawama anatupiwa mgonjwa. Watumishi wa umma wana kanuni zao, msichanganye.

ED (cheti cha daktari cha mapumziko) ya zahanati ya mtaani tuikatae?

Kama aliyesaini ni daktari aliyesajiliwa, ipokeeni. ED za kununua zipo, najua. Pigeni simu kituoni muulize kama ni yao. Kumpigia mgonjwa simu ya video aonyeshe dripu ni utovu wa adabu.

Daktari kaandika "apewe kazi nyepesi". Sisi ni ghala, hatuna kazi nyepesi.

Hamjatafuta. Andikeni kwenye karatasi kazi zake zote: kubeba magunia, kupanda ngazi, kuhesabu mzigo, kujaza leja. Arudi nayo kwa daktari, kila mstari uwekewe tiki au mkasi. Kuli aliyefungwa plasta mkononi anaweza kusimama mlangoni akahesabu mzigo unaoingia. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri apime kwanza chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa. Wanaoruka hapo tunakutana nao Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Na kama gunia lilimwangukia kazini, kapelekeni taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, msimalizane naye kwa nauli na pole.

Watu wanasema ana ukimwi. Tumpime?

Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima. Na "watu wanasema" si daktari.

Anarudi Jumatatu. Tumwandalie nini?

Msimrundikie viporo vya miezi miwili.