Majengo ya Kale ya Nairobi Yatufunza Nini?

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kama ni hivyo, basi majengo ya kale ya jiji letu yameona mengi kutuliko. Lakini sisi tukifika mjini, macho huwa kwenye matatu tu! Hebu tutazame majengo matatu.

1. Kipande House
Jumba hili liko Kenyatta Avenue. Lilijengwa mwaka wa 1913, na hapo mwanzo lilikuwa ghala la reli. Baadaye serikali ya kikoloni ikaligeuza ofisi ya kuwaandikisha Waafrika na kuwapa vipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuwa nacho. Ndani yake mliandikwa jina lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Alikitia katika mkebe wa chuma na kukitundika shingoni, mithili ya kengele ya mbuzi. Akipatikana bila kipande, alishtakiwa. Mimi ninayeandika haya nina miaka 16. Ningezaliwa enzi hizo, shingoni ningekuwa na mkebe badala ya tai ya shule. Siku hizi jumba hilo ni benki, ila watu bado huita kitambulisho "kipande". Mkebe umeondoka, neno limebaki.

2. Maktaba ya McMillan
Ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa kumbukumbu ya Sir Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani. Mlangoni pana sanamu za simba wawili. Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka wa 1958. Jamani, vitabu vipo, msomaji yupo, lakini rangi ya ngozi inamzuia! Leo ni maktaba ya umma.

3. Nairobi Gallery
Hili nalo ni la mwaka wa 1913. Lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na humo ndimo waliozaliwa, waliooana na waliofariki walimoandikishwa. Sasa limo chini ya Makavazi ya Kitaifa.

Je, tuyahifadhi?
Wapo wasemao, "Majengo ya mkoloni ya nini? Yabomolewe, tujenge maghorofa." Mimi sikubaliani nao. Mkoloni alituachia aibu yake ikiwa imejengwa kwa mawe. Tukiibomoa, tutakuwa tumemfutia ushahidi. Mtoto akiuliza kipande kilikuwa nini, tutamwonyesha nini? Isitoshe, tangu mwaka wa 2006 tuna sheria ya kulinda turathi za taifa, lakini sheria haina macho. Macho ni yetu.

Zoezi
(a) Kwa nini neno "kipande" limedumu ilhali mkebe haupo?
(b) Taja jengo moja la kale karibu na kwenu. Muulize mzee lilikuwa la nani na nani hakuruhusiwa kuingia.
(c) Andika majibu yake kwa Kiswahili sanifu kabla hajasahau, nawe kabla hujachelewa.