Mtoto wa Kulelewa na Kipimo cha Nasaba Yake

Somo la nyumbani. Someni kwanza: Kutoka 2:1–10, Esta 2:5–7, Warumi 8:14–17.



Ndugu mmoja mkaaji wa Majengo, hapa Songea, alimjia mzee wa usharika akiwa na neno zito moyoni. Tangu kunyonya alilelewa na watu wasiomzaa. Walimpenda, wakamleta kwenye ubatizo, wakamsomesha. Lakini hawakumwambia. Alipata habari hii akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, katika siku za msiba wa baba yake mlezi, tena kwa kinywa cha jirani.

Naye alikuwa amesikia ya kuwa Ulaya na Marekani watu hununua kichupa, hutema mate ndani yake na kukipeleka kwa posta. Na baada ya majuma machache huletewa habari za asili yao na majina ya jamaa zao. Akauliza, “Mzee, nikifanya hivi, je, nitakuwa nimemdharau mama aliyenilea?” Swali hili si lake peke yake. Kwa hiyo na tulitazame pamoja.

1. Kipimo hiki chaweza nini?

Mungu ameuweka mwili wetu hivi, kwamba kila mtu hupokea urithi wake nusu kwa baba na nusu kwa mama. Urithi huo umo katika chembe za mwili, nao huitwa vinasaba. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana karibu nusu ya urithi huo. Watoto wa ndugu wawili hushirikiana karibu sehemu moja ya nane. Basi, mate ya watu wawili yakilinganishwa, yaweza kuonyesha kama wao ni jamaa, na ujamaa wao ni wa karibu kadiri gani.

Lakini kampuni haiwezi kukuonyesha jamaa yako ila kama yeye naye amekwisha kupimwa. Waliopimwa wengi ni watu wa Marekani na Ulaya. Shangazi yako aliyeko Mbinga au Namtumbo huenda hayumo. Tena wakikuambia u wa kabila fulani, hukisia tu kwa kukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na Waafrika kati ya hao ni wachache.

Hapa kwetu jambo hili ni gumu zaidi. Wangoni walitoka kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 pamoja na Zwangendaba. Njiani, na katika nchi hii pia, walitwaa watu wa makabila mengi, wakawaingiza katika koo zao na kuwalea katika desturi zao. Leo wako wengi waitwao Wangoni ambao babu zao hawakutoka kusini hata kidogo, wala hakuna awaambiaye kwamba wao si Wangoni. Mate hayaijui habari hii.

2. Tusikidharau

Walakini kipimo hiki kimetenda mema. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na wengine, na mafuvu ya watu wetu yakapelekwa Berlin. Mwezi wa Septemba 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya fuvu moja, la mtu aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, vimepatana kabisa na vya jamaa zake walio hai Kilimanjaro. Na mafuvu mengine mawili yamepatana na Wachaga karibu kabisa. Watu waliopotewa na babu yao zaidi ya miaka 100 wakampata.

Sisi wa Songea twaelewa uzito wa neno hilo. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, na jamaa zake wamelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipofika hapa mwezi wa Novemba 2023 kuomba msamaha, alikutana na wajukuu wa huyo mzee. Kama si aibu kwa ukoo kumtafuta babu aliyekufa, haiwi aibu kwa mtoto kumtafuta mama aliyemzaa.

3. Maandiko yatufundisha nini?

Musa alijua ya kuwa yeye ni Mwebrania, akawaendea ndugu zake. Hakutenda dhambi kwa kujua asili yake. Lakini tazameni jina lake. Binti Farao ndiye aliyemwita Musa. Na Bwana alipomwita katika kijiti kilichowaka moto, alimwita kwa jina lilo hilo. Mungu hakulifuta jina alilopewa na mama mlezi.

Esta hakuwa na baba wala mama. Mordekai alimtwaa akamlea, naye hata alipokuwa malkia aliendelea kumtii. Mwokozi wetu mwenyewe alikaa nyumbani mwa Yusufu, naye Mathayo aliandika ukoo wake kwa njia ya Yusufu. Na sisi sote, asema Paulo, tu wana wa Mungu kwa kufanywa wana. Mkristo hawezi kusema ya kuwa mtoto wa kulelewa ni nusu mtoto, asijikane mwenyewe.

Basi jibu ni hili: kipimo chaweza kusema ni nani aliyekuzaa, hakiwezi kusema wewe u mtoto wa nani. Amri ya nne yawagusa wote wawili, aliyezaa na aliyelea.

4. Njia ya kufuata

Kwanza, aanze nyumbani. Amwendee mama aliyemlea kwa heshima, amshukuru, kisha aulize. Na kitabu cha ubatizo cha usharika kitazamwe, maana huenda majina yamo.

Pili, afuate sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa. Na kwa sheria nyingine ya mwaka huo huo, vipimo vya vinasaba vimewekwa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Njia yake hupitia kwa ofisa wa ustawi wa jamii, wakili au mahakama.

Tatu, aangalie anampa nani mwili wake. Mwaka 2023 wezi walizipata habari za watu wapata milioni 6.9 katika kampuni ya 23andMe, na mwaka 2025 kampuni hiyo ilifilisika. Neno la siri likiibwa hubadilishwa; vinasaba havibadilishwi.

Nne, akumbuke ya kuwa siri hii si yake peke yake. Huenda yuko mama aliyezaa katika machozi, ambaye mumewe wa sasa hajui. Ajongee polepole, kwa mtu wa kati mwaminifu.

Nanyi wazazi mnaolea, mwambieni mtoto mapema, kwa kinywa chenu wenyewe. Msimwachie jirani kazi hiyo. Nasi majirani tuikumbuke amri ya nane.

Ndugu yule wa Majengo alikwenda kwa mama yake, wakaketi pamoja hata usiku. Aliyoambiwa si yetu kuyaandika.

Maswali ya kuongea nyumbani

1. Kwa nini Musa hakuliacha jina alilopewa na binti Farao?
2. Je, katika nyumba yetu yuko mtoto anayengoja kuambiwa kweli? Ni nani atakayemwambia, na lini?
3. Tumwambie nini mtu aliyetafuta asipate?

Sala

Ee Baba, uliyetufanya wana tusiostahili, uwape ujasiri wanaolea kuisema kweli, na wanaotafuta uwape amani. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.