Mlinzi wa Moto Juu ya Mlima: Somo kwa Vikundi Vinavyopakana na Msitu

Somo la toleo hili ni la vikundi vinavyoishi karibu na msitu, au karibu na kilima chenye nyasi ndefu. Tutajifunza kazi moja ya zamani: kukaa mlimani na kutafuta moshi. Lisomeni pamoja siku ya mkutano. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadili maswali yaliyo mwisho.

Twende Devil's Head

Kule Marekani, katika jimbo la Colorado, kusini-magharibi mwa mji wa Denver, kuna mlima unaoitwa Devil's Head, yaani Kichwa cha Shetani. Jina lisiwatishe, ni mlima kama mingine. Kimo chake ni mita 2,971 juu ya usawa wa bahari, na juu kabisa kuna kibanda cha mlinzi wa moto.

Watu wengi hupanda kwa miguu asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Kutoka mahali pa kuacha magari ni kilomita 2 na kidogo tu, lakini ni mwinuko mtupu, katikati ya misonobari. Mwishoni kuna ngazi ya chuma iliyoshikizwa kwenye mwamba, vipandio 143. Hapo hata kijana hodari husimama akahema.

Ukifika juu, macho yanashiba. Upande wa kusini unaona Pikes Peak, mlima wa mita 4,302. Hauufikii Point Lenana yetu ya mita 4,985, lakini nao ni mkubwa. Mashariki ni nchi tambarare mpaka macho yachoke. Mgeni hufurahia mandhari na kupiga picha. Mlinzi naye anatazama nchi ile ile, ila anatafuta uzi mwembamba wa moshi.

Kazi hii ilianzaje?

Mwezi wa Agosti 1910, katika majimbo ya Idaho na Montana, moto ulichoma karibu ekari milioni 3 kwa siku mbili tu. Watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao wakiwa wazimaji moto. Baada ya msiba huo serikali iliongeza bidii ya kuweka walinzi milimani. Pale Devil's Head walinzi walianza kupanda mwaka 1912, na mwaka 1919 kazi ikashikwa na mwanamke, Helen Dowe. Wakati huo wengi waliona hiyo ni kazi ya wanaume. Kibanda kilichopo sasa kilijengwa 1951.

Mlinzi anafanya nini?

Ndani ya kibanda kuna meza ya duara yenye ramani ya nchi yote inayoonekana. Juu yake kuna chombo cha kulengea kinachozunguka. Kiliundwa miaka ya 1910 na mtu wa misitu aliyeitwa Osborne. Mlinzi akiona moshi, anaulenga kwa chombo hicho na kusoma upande uliko. Mlinzi wa mlima mwingine naye anaulenga kutoka kwake. Mistari miwili ikichorwa kwenye ramani, pale inapokatana ndipo penye moto. Hakuna kubahatisha.

Hapo zamani habari ilipelekwa kwa simu ya waya, baadaye kwa redio. Mvua ya radi ikija, mlinzi husimama juu ya kigoda chenye miguu ya kioo, kwa sababu umeme haupiti kwenye kioo. Na lazima ajue kutofautisha moshi na ukungu unaopanda baada ya mvua, au na vumbi la barabarani. Akikosea, anasumbua watu bure. Akichelewa, msitu unateketea.

Moto hauishii kwenye miti

Tarehe 8 Juni 2002, katika milima hiyo hiyo, mtu mmoja aliwasha moto wakati wa ukame, ingawa ilikuwa imepigwa marufuku kuwasha. Upepo ukauchukua. Huo ndio moto wa Hayman. Ulichoma karibu ekari 138,000 na nyumba za watu 133. Moto mmoja tu, jamani!

Baya zaidi likaja na mvua. Mlima usio na majani haushiki maji. Maji hushuka kwa nguvu na kubeba udongo. Mashapo yakaingia katika mabwawa yanayonywesha mji wa Denver, na shirika la maji likatumia mamilioni ya dola kuyatoa. Hata kabla ya hapo, moto wa Buffalo Creek wa Mei 1996 ulifuatwa na mafuriko mwezi wa Julai, na watu wawili wakafa.

Sisi hapa Kenya tulifikirie jambo hili sana. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, ambalo hulishwa na mito ya Aberdare. Mto Tana unapata maji yake Mlima Kenya na Aberdare, kisha unazungusha mitambo ya umeme. Mlima Kenya uliungua vibaya Machi 2012, na Aberdare Februari 2022. Kwa hiyo anayechoma msitu akitafuta asali anachoma pia mfereji wa jirani yake wa bondeni.

Jambo moja la kuangalia

Wamarekani nao walipitiliza. Mwaka 1935 walitoa amri kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Miaka ikapita, na katika misitu mingi iliyozoea moto mdogo mdogo, majani makavu na miti myembamba ikarundikana chini. Moto mkubwa ulipokuja, ulikuta kuni tayari. Baadaye walibadilisha amri hiyo. Funzo ni kwamba kuona moshi mapema ni vizuri, lakini haitoshi. Takataka kavu za msituni zinahitaji kusimamiwa, na hilo tulifanye kwa kukubaliana na afisa wa misitu, si kila mtu na kiberiti chake.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

1. Chagueni kilima. Tafuteni mahali panapoonekana msitu na mashamba mengi. Kama inawezekana, chagueni vilima viwili vinavyotazamana, mpate ile mistari miwili.

2. Chukueni siku moja mpande pamoja, wazee na vijana. Anzeni mapema kabla ya jua kali. Kila mtu abebe maji, chakula kidogo na nguo ya baridi. Mkisikia radi, shukeni mara moja. Msiwashe moto huko juu, hata wa chai.

3. Mkiwa juu, choreni ramani ya mkono. Wekeni mito, barabara, shule, visima na majina ambayo watu hutumia kweli. Ukisema kwa simu "moto uko juu ya kisima cha pili", kila mtu ajue ni wapi.

4. Pangeni zamu wakati wa kiangazi. Mlinzi awe na simu yenye chaji, na nambari za afisa wa misitu, chifu na viongozi wa kikundi. Aandike saa aliyoona moshi na upande ulipotokea.

5. Wekeni vifaa mahali pamoja: mapanga, majembe na mitungi ya maji. Panga la harambee likiazimwa, lirudishwe.

6. Kumbukeni usalama. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka. Msisimame juu yake kwenye mteremko. Watoto wasiende kuzima. Ukiwa mkubwa, ondokeni na mwaachie waliofunzwa.

Sheria ya misitu ya 2016 inatambua vyama vya jamii vya misitu. Kama kikundi chenu bado hakijajiunga na kimoja, ulizeni katika ofisi ya misitu iliyo karibu. Zamu yenu itakuwa na nguvu zaidi ikijulikana huko.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwetu moto wa msituni huanzishwa na nini zaidi: mkaa, asali, kusafisha shamba, au sigara? Ni nani anayeweza kuzungumza na wahusika bila kuleta ugomvi?

2. Mito yetu inatoka mlima gani? Ukiungua, ni nani atakayekosa maji kwanza?

3. Helen Dowe alilinda mlima mwaka 1919. Je, sisi tunawapa akina mama na wasichana nafasi katika zamu, au tunawaachia kuchota maji tu?

4. Mkiona moshi leo saa nane mchana, ni nani atapigiwa simu kwanza? Kama hakuna aliye na jibu, msifunge mkutano kabla ya kulipata. Liandikeni kwenye kitabu cha kumbukumbu, na jina la mtu liwe pale.