Hirola wa Ishaqbini na Bei ya Malisho

Katika miaka ya 1970, nyika za mashariki ya Mto Tana zilikuwa na hirola zaidi ya 10,000. Leo inakadiriwa wamebaki chini ya 500. Sotoka ya miaka ya 1980, ukame na uwindaji viliwamaliza wengi. Kisha ndovu wakauawa kwa ajili ya pembe, na miti waliyokuwa wakiiangusha ikapata nafasi ya kuota. Vichaka vikafunika nyasi, na hirola hula nyasi. Ng'ombe naye anazitegemea nyasi zizo hizo. Kwa hiyo shida ya hirola ni shida ya mfugaji pia.

Jamii za Ijara zilianzisha hifadhi ya Ishaqbini. Mwaka wa 2012 sehemu yake, takriban hekta 2,700, ilizungushiwa ua wa kuzuia wanyama wawindaji, na hirola 48 wakaingizwa ndani. Baada ya miaka michache walipita 100, kwa kuwa ndama hawakuliwa tena na simba wala mbwamwitu. Vijana wa hapo pia wamepata kazi ya askari wa hifadhi.

Hata hivyo, ardhi iliyofungwa si malisho ya wazi tena. Msimu wa mvua hilo halionekani sana. Wakati wa kiangazi kikali ndipo uzito wake hujulikana. Tena ua humlinda hirola, haumlindi mbuzi wa boma la jirani. Simba na fisi wamebaki nje, pamoja na mifugo.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu mkazi kudai fidia ya mifugo, na shilingi milioni 5 kwa kifo cha mtu. Tukio liripotiwe mapema kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kabla mzoga na nyayo havijapotea. Dai hupitia kamati ya kaunti. Malipo huchelewa, na nakala ya fomu isitupwe.

Kuhusu ardhi yenyewe, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wowote wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya wanachama watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kuujadili. Sahihi za wazee wachache hazitoshi, na wanawake na vijana waliofikisha miaka 18 huhesabiwa.