Somo la Sayansi: Bahari ya Baridi Inayomeza Hewa Yetu

 

Somo la leo linatupeleka mbali: kwenye Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika. Lisomeni pamoja kwa sauti, mtoto aya moja, mzazi aya moja. Maneno magumu nimeyaeleza mwishoni.

Jaribio la jikoni

Chukueni chupa mbili ndogo za maji ya soda. Moja ilale kwenye friji, nyingine ilale jikoni penye joto. Asubuhi, mkiwa na mtu mzima, zifungueni taratibu juu ya sinki. Ile ya joto itafoka povu kuliko ile ya baridi.

Mapovu hayo ni hewa ukaa. Ndiyo hewa tunayoitoa tukipumua, na ndiyo inayotoka kwenye magari na kwenye boila za gesi zinazopasha joto nyumba zetu. Jaribio linatufundisha jambo moja: maji ya baridi hushika hewa ukaa nyingi, maji ya joto huiachia.

Bahari nayo ni hivyo hivyo

Katika hewa ukaa yote ambayo binadamu tunaitoa kila mwaka, bahari za dunia humeza karibu robo. Na katika robo hiyo, takriban asilimia 40 humezwa na Bahari ya Kusini peke yake. Maji yake ni ya baridi sana na upepo wake ni mkali. Maji hayo yakishameza hewa, mengine huzama na kuibeba hadi vilindini.

Mtoto atauliza: mwalimu, moshi wa Croydon unafikaje huko? Unabebwa na upepo. Kwa muda wa kama mwaka mmoja hivi, hewa ya kaskazini na ya kusini ya dunia huwa imechanganyika. Wanasayansi wanapima hewa ya Ncha ya Kusini tangu mwaka 1957. Kabla ya zama za viwanda, hewa ukaa duniani ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwezi Mei 2016, kipimo cha Ncha ya Kusini kilipita 400. Huko hakuna mji wala kiwanda. Hewa hiyo ilitoka kwetu sisi.

Bahari na damu

Mimi kazi yangu ni uuguzi, kwa hiyo niruhusuni nieleze kwa mfano wa wodini. Damu ya mtu mzima wa afya ina kipimo cha pH kati ya 7.35 na 7.45. Mgonjwa akishindwa kutoa pumzi vizuri, hewa ukaa hujaa kwenye damu na kuongeza tindikali. Kipimo kikishuka kutoka 7.4 hadi 7.3, kwa macho ni tofauti ndogo. Lakini muuguzi hakai tena, anamwita daktari.

Sasa tazameni bahari. Kabla ya viwanda, maji ya juu ya bahari yalikuwa na pH ya karibu 8.2. Leo ni karibu 8.1. Bahari haijageuka siki, lakini kwa hesabu ya pH, hatua hiyo moja ina maana tindikali imeongezeka kwa zaidi ya robo. Wanaoumia kwanza ni viumbe wanaojenga magamba kwa chokaa. Mwaka 2008 wanasayansi walivua konokono wadogo sana wanaoelea katika Bahari ya Kusini. Walipowatazama kwa hadubini, waliona magamba ya baadhi yao yameanza kuyeyuka wangali hai.

Kwa hiyo bahari inatubebea mzigo, lakini haiufuti. Na kadiri inavyopata joto, uwezo wake wa kumeza hewa unapungua, kama ile chupa ya jikoni.

Kwetu pwani

Msidhani haya ni mambo ya pengwini peke yao. Maji yaliyo chini kabisa katika bahari ya mbele ya Mombasa yalizama zamani kwenye baridi ya Antaktika, yakatambaa polepole sakafuni hadi kwetu. Bahari ni moja.

Matumbawe yetu nayo hujengwa kwa chokaa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yakapauka, mengi yakafa. Kina mama wanaolima mwani Unguja wameona mwani wao ukioza maji yanapokuwa ya moto, na wengine wamelazimika kuupeleka kwenye kina kirefu zaidi. Kwao, joto la bahari ni ada ya shule na unga wa jioni.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu bado unazibika, lakini bahari haiwezi kuuziba peke yake.

Msamiati

*Hewa ukaa:* gesi inayotoka tunapopumua na tunapochoma mafuta, gesi au makaa.
*Kilindi (vilindi):* mahali penye kina kirefu sana baharini.
*Tindikali:* kitu kikali kama kilichomo kwenye siki au ndimu.
*Matumbawe:* mawe hai ya baharini, nyumba ya samaki.
*Kupauka:* kupoteza rangi.

Maswali

1. Kwa nini Bahari ya Kusini humeza hewa ukaa nyingi?
2. Damu na bahari zinafanana kwa jambo gani?
3. Mpigie simu bibi, babu au ndugu aliye pwani. Baada ya kumwamkia, muulize: bahari ya utotoni mwake ilikuwaje, na leo ikoje? Andika sentensi tano kwa Kiswahili, uje nazo Jumamosi.