Vita vya Ugenini na Dhamiri ya Mkristo

Wako wasemao kila Kanisa lipingapo vita: "Mapadre wameingia siasa." Twapenda kuwajibu kwa mambo yaliyotukia.

Mwaka 2003, Marekani na Uingereza zilipojiandaa kuishambulia Iraki, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alilikataa shauri hilo waziwazi. Mwezi wa Februari alimtuma Kardinali Roger Etchegaray kwa Saddam Hussein huko Baghdad. Tarehe 5 Machi, Jumatano ya Majivu, Kardinali Pio Laghi alionana na Rais George W. Bush huko Washington, na siku hiyo Wakatoliki wote waliombwa kufunga kwa ajili ya amani. Wajumbe walikwenda pande zote mbili, hilo lisisahauliwe. Tarehe 20 Machi vita vikaanza.

Je, Kanisa lilimtetea dhalimu? Hasha! Majeshi ya Saddam yaliua maelfu ya Wakurdi kwa hewa ya sumu huko Halabja mwaka 1988. Lakini ubaya wa mtawala peke yake hauhalalishi vita. Katekisimu, namba 2309, yadai madhara ya adui yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeshindwa. Liwepo tumaini la kweli la kufaulu. Tena silaha zisilete maovu kuliko yale ziyaondoayo. Tazameni neno "hakika". Iraki ilishtakiwa kuficha silaha za maangamizi. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wangali kazini ilipowabidi kuondoka, na baada ya vita akiba ya silaha hizo haikuonekana.

Mtu atatukumbusha kwamba namba hiyo hiyo yawaachia hukumu wenye dhamana ya manufaa ya wote. Ni kweli. Lakini hakimu hakupewa ruhusa ya kujitungia sheria. Na mzazi ambaye mwanawe atabeba bunduki ana haki ya kuuliza ni masharti gani yaliyotimizwa. Maaskofu wa Marekani waliuliza mapema. Septemba 2002, Askofu Wilton Gregory, aliyekuwa Rais wa Baraza lao, alimwandikia Bwana Bush kuwa ni vigumu kuvihalalisha vita hivyo pasipo ushahidi wa wazi wa shambulio lililo karibu. Barua ilikuwa ya adabu, wala haikuficha neno.

Sharti la mwisho ndilo lililotuumiza zaidi. Machafuko yaliyofuata yaliua raia wengi mno, wengi wao Waislamu, na Wakristo wa Iraki, ambao wazee wao walibatizwa tangu karne za kwanza, wakaanza kuihama nchi. Mwaka 2008 Askofu Mkuu Paulos Faraj Rahho wa Mosul alitekwa nyara, na majuma mawili baadaye maiti yake ikapatikana. Mwaka 2014 wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliuteka mji huo. Nyumba za Wakristo zikatiwa alama ya herufi moja ya Kiarabu, nao wenyewe wakafukuzwa. Tarehe 7 Machi 2021 Papa Fransisko alisali papo hapo Mosul, katikati ya magofu ya makanisa. Waliorudi kukaa humo ni wachache kuliko waliotoka.